Kusafisha biogesi kwa kutu ya chuma: mwongozo kamili kwa mfugaji wa Tabora

Aliyewahi kulima mpunga kwenye mbuga za Nzega, Igunga au Uyui anaijua kemia hii kwa miguu yake. Ukichomoa mguu kwenye jaruba lililotuamisha maji kwa miezi miwili, unatoka na tope jeusi linalonuka yai viza. Libwage juu ya tuta. Ukipita hapo kesho yake utakuta ngozi ya juu imeshageuka kahawia, na harufu imepungua sana. Ndani ya maji, chuma kilichomo kwenye udongo kiliikamata gesi ya yai viza na kuwa cheusi. Hewa ilipofika, chuma kikarudi kuwa kutu na kuitema salfa.

Kichujio cha biogesi ninachokieleza hapa ni jaruba hilohilo ndani ya bomba. Kwa ng'ombe wa hapa kwetu, vitu vya dukani na siku moja ya kazi, ukiacha siku za kusubiri kutu ishike, unaweza kukitengeneza mwenyewe.

Kwanza, je, unakihitaji?

Biogesi ya kinyesi cha ng'ombe ni methani zaidi ya nusu, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni kaboni dayoksaidi. Katikati yao imejificha hidrojeni salfaidi, H₂S, ile gesi ya yai viza, mara nyingi kati ya sehemu mia kadhaa na elfu chache katika kila sehemu milioni za gesi. Ni kidogo, lakini ndiyo yenye fujo. Ikiungua inatoa salfa dayoksaidi, na hiyo ikikutana na mvuke wa maji inakuwa asidi inayokula chuma.

Kama unapikia tu, jiko liko mahali penye hewa, na ng'ombe wako wanakula majani ya porini, kusema kweli unaweza kuishi bila kichujio. Koki za shaba zitakuwa nyeusi, kichwa cha jiko kitaliwa mapema, na mwenye pua kali atalalamika. Basi. Ila kama unataka kuendesha jenereta ya kuvutia maji au ya kuwashia taa, usithubutu bila kichujio. Asidi inaingia kwenye oili, na injini inachoka kabla hujafaidi. Na ukichanganya samadi ya nguruwe, kinyesi cha kuku au mabaki ya machinjioni, H₂S hupanda, hata jikoni utaijua.

Kinachotokea ndani ya bomba

Usiruke sehemu hii. Mafundi wengi wanaotengeneza kichujio kisichodumu ni kwa sababu wanaichukulia kutu kama chekeche, kwamba gesi chafu inanasa na safi inapita. Sivyo. Ndani mle kuna biashara, na bidhaa yake ni elektroni, zile chembe ndogo sana zenye chaji hasi zilizomo ndani ya atomu.

Kutu ni chuma kilichopoteza elektroni tatu. Salfa iliyomo kwenye H₂S, yenyewe imebeba elektroni mbili za ziada na iko tayari kuziachia. Zikikutana zenye unyevu (FeO(OH) ndiyo kutu):

2 FeO(OH) + 3 H₂S → 2 FeS + S + 4 H₂O

Kila chuma kimepokea elektroni moja, ndiyo ridaksheni. Salfa moja imetoa mbili na kubaki salfa tupu, ndiyo oksidisheni. Hesabu inafunga: vyuma viwili, elektroni mbili. Tazama pia kwamba kati ya molekuli tatu za H₂S, moja tu ndiyo iliyofanya biashara. Mbili zilizobaki zimeoana na chuma tu na kuwa FeS, ile rangi nyeusi ya jaruba. Kwa hiyo si kila kinachogeuka cheusi kimepitia oksidisheni na ridaksheni. Mwanafunzi wa sekondari anayesoma hapa aliweke hilo akilini, maana mitihani hupenda mtego huo.

Sasa leta hewa:

4 FeS + 3 O₂ + 2 H₂O → 4 FeO(OH) + 4 S

Kutu imerudi, na salfa yote imebaki pale kama unga wa manjano hafifu. Ukizijumlisha hatua mbili, chuma kinatoweka kwenye hesabu: H₂S na oksijeni zimekuwa salfa na maji. Chuma ni dalali tu. Anapokea mkono huu, anakabidhi mkono ule, na kesho anarudi sokoni. Dalali huyu ana masharti matatu: awe na kutu kweli, awe na unyevu, na akichoka apewe hewa. Tena apewe polepole, kwa sababu hatua ya pili inatoa joto jingi. Nitalirudia hilo, kwa sababu lilinipata.

Si jambo jipya. Katikati ya karne ya 19 miji ya Ulaya iliyowashia taa gesi ya makaa ya mawe ilisafisha gesi hiyo kwa madini ya chuma yenye kutu, na walipomaliza waliyaanika nje kwa namna hiyohiyo.

Hesabu kabla ya kwenda dukani

Kilo 50 za samadi mbichi kwa siku zinatoa kama mita 2 za ujazo za biogesi. Kwa ng'ombe wa kienyeji wanaoshinda malishoni, unachokusanya ni cha usiku zizini, kwa hiyo fikiria ng'ombe kumi hivi. Tuchukue H₂S ni sehemu 2,000 katika milioni. Hiyo ni lita 4 za H₂S kwa siku, na kwa mwinuko wa Tabora, karibu mita 1,200 juu ya bahari, uzito wake ni gramu 5 hivi.

Nusu kilo ya nyuzi za chuma, ikishika kutu theluthi tu, inaweza kumeza gramu 150 za H₂S. Gawanya kwa 5, unapata siku 30. Ndiyo maana nasema mwezi mmoja kwa mzunguko. Atakayekuahidi mwaka mzima bila kufungua bomba, muulize amepata wapi chuma hicho.

Ukubwa wa bomba unaamuliwa na muda ambao gesi inakaa ndani. Lenga kama dakika moja. Jiko la nyumbani linakula lita 400 kwa saa hivi, na bomba la inchi 4 lenye urefu wa sentimita 75 linabeba karibu lita 6, kwa hiyo gesi inakaa sekunde hamsini na kitu. Inatosha. Kwa jenereta panga mabomba mawili, gesi ipite la kwanza kisha la pili.

Kutafuta chuma na kukitia kutu

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo watu hukosea.

Nyuzi nzuri ni zile stilwaya laini za kijivu za kusugulia masufuria zinazooza zikiachwa kwenye sinki. Zile nene zinazong'aa, zinazojiviringa kama maganda ya kuchongea penseli, usinunue. Hizo hazishiki kutu, zimetengenezwa zisishike. Namna ya kujua ni rahisi: lowesha kipande kwa maji ya chumvi usiku, asubuhi kikiwa bado kinang'aa kirudishe dukani. Mbadala wa bei nafuu ni chenga zinazobaki kwenye karakana za kukereza vyuma. Unga wa grinda wa fundi wa kuchomelea nao unafaa, ila ni laini mno na utaziba gesi, hivyo uchanganye na pumba kavu za mpunga au randa za mbao. Udongo mwekundu wa moramu una kutu ya asili na unafanya kazi, lakini kwa uzito uleule unameza gesi kidogo zaidi, na utachoka kubeba.

Osha kwanza. Stilwaya mpya ina mafuta, na chenga za karakana zina mafuta zaidi. Maji ya moto na sabuni ya unga, suuza mara mbili. Mafuta yakibaki, kutu haishiki.

Kisha loweka kwenye siki kwa nusu saa, nje, ndoo ikiwa wazi, kwa sababu siki na chuma hutoa hidrojeni kidogo. Chuja, nyunyizia maji yenye chumvi, na chambua nyuzi kwa vidole mpaka zilegee kama pamba. Tandaza kivulini juu ya ubao au turubai la plastiki. Wakati wa masika huhitaji kufanya mengi, maana unyevu wa hewa unafanya kazi usiku kucha na siku tatu nne zinatosha. Kuanzia Juni mpaka Oktoba hewa ya Tabora ni kavu na chuma kinakauka kabla hakijashika. Hapo nyunyiza asubuhi, mchana na jioni, funika na gunia bichi, na uvumilie hata wiki. Unachotafuta ni rangi ya machungwa iliyokolea, kutu inayobaki vidoleni ukigusa. Ikiwa bado unaona kijivu kwa wingi, rudia.

Usiichome wala usiikaange juani ili iive upesi. Kutu nzuri kwa kazi hii ni ile iliyobeba maji ndani yake. Ukiipasha moto maji yanatoka, inakuwa nyekundu ya kupendeza, na inakuwa mvivu.

Mwisho suuza chumvi, kisha nyunyizia maji yaliyoyeyushwa magadi, kijiko kimoja cha chakula kwa lita. Mazingira yenye magadi humshika H₂S haraka kuliko yenye uchachu.

Kujenga

Unahitaji bomba la plastiki la inchi 4, kifuniko cha kuzungusha juu ili ufungue bila msumeno, kizibo cha chini, koki tatu, vipande vya bomba la nusu inchi, gundi, tepu ya bomba, na wavu wa plastiki. Usitumie wavu wa chuma wala koki ya shaba ndani ya njia ya gesi chafu kama unaweza kuepuka.

Gesi iingie juu na kutokea chini. Najua wengi hufanya kinyume, lakini ikishuka, maji yanayotonza yanashuka nayo, yanalowesha kutu njiani na kukusanyika chini, ambapo unaweka koki ndogo ya kuyatoa. Simamisha bomba ukutani nje ya nyumba, kwenye kivuli, baada ya mtego wa maji wa mtambo wako na kabla ya jiko.

Weka koki moja kabla ya kichujio, ya pili baada yake, na ya tatu kwenye njia ya pembeni inayoruka kichujio, ili siku ya matengenezo mama asikose moto wa ugali.

Ndani, weka wavu sentimita kumi kutoka chini. Jaza nyuzi kwa tabaka za kiganja kimoja, na kati ya tabaka weka wavu mwingine. Usishindilie. Salfa na FeS zinavimba, na nyuzi zilizobanwa zinageuka tofali. Ukipulizia kwa mdomo kutoka juu, kabla hujaunganisha gesi, hewa ipite bila kukaza mashavu.

Halafu kitu kidogo ninachokipenda kuliko vyote: mlinzi. Chukua chupa ya plastiki ya soda, toboa mfuniko na kitako kwa ajili ya mipira miembamba, ziba kwa gundi, na utie ndani konzi moja ya nyuzi zenye kutu. Iunge baada ya bomba kuu. Bomba huwezi kuona ndani yake, lakini chupa unaona. Siku mlinzi atakapoanza kuwa mweusi upande wa kuingilia, ujue bomba limezidiwa na gesi chafu inapita.

Kabla ya kufungua gesi, pakaa maungio yote povu la sabuni. Kisha fungua gesi na utoe ya mwanzo nje kwa dakika mbili bila moto, bila sigara, bila kuchezea simu karibu. Ndani mlikuwa na hewa, na methani ikichanganyika na hewa kati ya asilimia 5 na 15 inalipuka.

Kupima kwa mrututu

Nunua mrututu (salfeti ya shaba) kidogo kwenye duka la pembejeo. Yeyusha punje chache kwenye nusu glasi ya maji safi, glasi ambayo hutainywea tena maana mrututu ni sumu, mpaka upate rangi ya samawati. Ukiwa nje, kaa upande unaotoka upepo, pitisha gesi ya kabla ya kichujio kwa mpira mwembamba ibubujike humo. Dakika haiishi, wingu la kahawia linaanza kutambaa kutoka kwenye ncha ya mpira, kisha glasi nzima inakuwa nyeusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Hiyo ni salfaidi ya shaba. Chukua glasi nyingine, pitisha gesi ya baada ya kichujio. Ikibaki samawati, umefaulu.

Usitumie pua. Pua inamtambua H₂S hata akiwa chini ya sehemu moja katika milioni, lakini akifika kama 100 anaiua harufu yenyewe, unaacha kusikia chochote na unadhani amekwisha. Kwenye mamia ya juu mtu anaanguka, na karibu 1,000 anaweza kufa kwa pumzi chache. Ni mzito kuliko hewa, hukaa mashimoni. Ndiyo sababu hakuna mtu anayepaswa kuingia ndani ya mtambo wa biogesi kumfuata mwenzake aliyeanguka, hata awe ndugu yake. Wanaoingia kuokoa ndio wanaoongeza misiba.

Siku ya kufungua bomba

Mzunguko wangu wa kwanza nilitoa nyuzi zikiwa nyeusi tititi na kuziacha juu ya gunia la sandarusi, ubavuni mwa banda la mbuzi. Ilikuwa Septemba, saa nane mchana, upepo ule wa kukausha midomo. Nikaingia ndani kula. Mke wangu akasema anasikia harufu ya kiberiti, nami nikadhani watoto wanachezea njiti. Wazee hawakukosea walipoiita salfa kiberiti: gunia lilikuwa limetoboka, nyuzi za katikati zinang'aa nyekundu bila mwali, na moshi mkali unaokaba koo unaingia bandani. Mbuzi walipona. Nyasi za paa zilikuwa hatua tatu tu.

Kilichotokea ni ile hatua ya pili, bila breki. FeS iliyokauka ikipata hewa nyingi kwa mpigo inapata joto haraka kuliko inavyolipoteza, salfa inashika, na kazi imeisha. Kwa hiyo fanya hivi.

Funga koki za kabla na baada, fungua ya pembeni. Legeza kifuniko cha juu ukiwa umesimama upande unaotoka upepo, acha robo saa. Mwaga maji ndani mpaka yatokee koki ya chini. Sasa ndipo utoe nyuzi, zikiwa zinachuruzika, na kuzitandaza juu ya udongo mtupu au sakafu ya saruji, unene usiozidi vidole vitatu, mbali na nyasi, magunia na watoto. Ndoo ya maji iwe karibu. Siku ya kwanza geuza kwa reki kila nusu saa na kupapasa kwa nyuma ya mkono juu juu. Pakipata joto, maji. Utaona weusi unaondoka kuanzia kwenye ncha za nyuzi, kwanza kijani chafu, kisha kahawia. Siku mbili zinatosha kwa kawaida. Usiku wa kwanza usizilundike, hata kama mvua inanyemelea. Mvua ni rafiki yako.

Rudisha bombani, magadi tena, endelea. Kila mzunguko salfa inaongezeka na nafasi inapungua, kwa hiyo baada ya mara mbili au tatu weka nyuzi mpya. Za zamani zikishageuka kahawia kabisa, zifukie mbali na kisima. Usizimwage bustanini kwa wingi ukidhani ni mbolea: salfa inaongeza uchachu wa udongo, na udongo wetu wa kichanga mwingi hauhitaji msaada huo. Na nyuzi zikiwa bado nyeusi zisiguswe na maji ya betri, ndimu wala siki. Asidi inaivunja FeS, na sehemu kubwa ya H₂S uliyoikamata mwezi mzima inatoka mara moja usoni pako.

Kikisumbua

Moto wa jiko ukidhoofika wakati mtambo umejaa, fungua njia ya pembeni. Ukirudi na nguvu, kichujio kimeziba. Toa maji chini kwanza, mara nyingi ni hayo tu.

Mlinzi akiwa mweusi ndani ya wiki moja, na hesabu ilisema mwezi, fungua bomba na uangalie tabaka moja moja. Ukikuta upande mmoja mweusi na mwingine bado wa machungwa, gesi imejichimbia njia pembeni. Panga nyuzi upya. Ukikuta zote zimekauka zinakwaruza, tatizo ni unyevu. Ukikuta zote nyeusi sawasawa juu mpaka chini, kichujio kimefanya kazi yake na gesi yako ni chafu kuliko ulivyodhani. Hapo uliza zizini nani ameanza kumwaga samadi ya nguruwe shimoni bila kukwambia.